Yai la dinosaria lililokuwa limeshikilia paa letu Mugunga

Wakuu, salamu kutoka Goma, mji ambao bunduki zikinyamaza mlima wa volkano unakumbuka zamu yake.

Haya yamenikuta mwenyewe. Sina sababu ya kudanganya, na akili ya kubuni upuuzi wa aina hii sina.

Mimi na mama tunaishi kambini Mugunga. Tulikuwa na shamba Masisi, waasi wakalipenda kuliko sisi. Sasa tuna kibanda cha shitingi, yaani turubai, kilichoshikiliwa na mawe pembeni.

Hapo nieleze kidogo. Mawe ya huku ni lava, yana makali. Ukiyaweka juu ya shitingi, upepo ukitikisa, yanakata.

Ndiyo maana mama, siku alipofuata sambaza, wale dagaa wa ziwani, soko la Kituku, aliokota jiwe laini ufukweni akalibeba mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Tukaliweka pembe ya upande wa ziwa, upepo unakotokea.

Jiwe lenyewe lina umbo la yai, kubwa kama kichwa cha mtu. Kosa lake ni hilo tu.

Siku moja akaja binamu yangu Fiston, anakaa mjini, Murara. Fiston alisoma jiolojia hadi vita vilipofunga chuo, yaani karibu muhula mzima! Alipoliona jiwe akavua kofia.

"Mama mudogo, hii haiko jiwe. Iko fosile. Yai ya dinosaure!"

Mama alikuwa anachambua maharage. "Ni jiwe, Fiston. Nililitoa mimi mwenyewe ku maji."

Nikamwambia: kaka, mawe ya huku tumeyaona yakizaliwa. Lava iliyo chini ya nyumba yako ni mdogo wako kwa umri. Huyo dinosaria alitaga lini?

Akanijibu kwamba sisi ambao hatukusoma tuna haraka sana.

Basi akaliondoa, na kwa wema wake akaweka bonge la lava mahali pake. Akapanda pikipiki, yai kifuani, kumpelekea profesa. Alituahidi nyumba ya matofali.

Mama alisema neno moja tu: "Ulirudishe mbele ya mvua kunyesha."

Mvua haikumsubiri profesa. Upepo ulitoka ziwani mchana, bonge likatikisika, shitingi ikaanza kuchanika pale pale. Unga ukalowa. Godoro likalowa. Mimi nikaning'inia kwenye shitingi upande wangu kama nguo kwenye kamba.

Mama akalisukuma lile bonge, akakaa mahali pa yai.

Alikaa chini, juu ya ukingo wa shitingi, kama kuku anayeatamia, mvua ikimpiga usoni mpaka ilipokatika. Wakuu, nilicheka, halafu nikalia. Ni mama yangu yule, na yai liko mjini linachunguzwa.

Fiston akarudi na mfuko. Profesa alikuwa amecheka akamwambia ni lava ya kawaida, imesuguliwa na maji. Lakini mtafiti wetu haridhiki na kicheko. Alilipasua kwa nyundo ili kuhakikisha. Vipande viwili, na kingo zake zinakata kuliko lile bonge.

Mama akavitazama.

"Na mu ndani mulikuta nini?"

"Jiwe, mama mudogo."

"Aksanti. Sasa njo ukae."

Akamwonyesha pembe. Wingu jingine lilikuwa limeshasimama juu ya ziwa. Fiston akacheka akidhani ni utani, akatafuta mwenzake wa kucheka, akakosa. Akakaa. Jamaa aliatamia mpaka jioni, na kofia yake ya utafiti kichwani.

Nilichojifunza: kabla hujauliza kitu ni nini, uliza kinashikilia nini.

Wanajiolojia mliomo humu, nirekebisheni, hata matusi napokea. Ila atakayepita Kituku akaona jiwe laini, lisilo na thamani yoyote kwa sayansi, tafadhali aniambie. Fiston hashiki simu, mama anakohoa tangu siku ile, na mvua ikija najua atakwenda kukaa yeye.