Siku Fundi Chepyegon Alipoweka Jiwe Roma

Tangu Janeffer aolewe na Gibson Chepyegon, mwaka wa sitini na tisa, hakuwahi kumsikia akisifu ukuta wa mtu. Gibson alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Kapsoit huko Kericho, na upande ule wote hadi Kiptere nyumba nyingi za mawe zilipita mikononi mwake. Wakienda harusini, wenzake wakimtazama bibi harusi, yeye hufunga jicho moja akapima kona ya kanisa. "Hii imelala kidogo," husema, kisha akanywa chai yake. Janeffer alizoea. Alikuwa na ekari yake moja na nusu ya majani chai na ng'ombe watatu, na hakuona haja ya kubishana na mtu juu ya kona.

Mwaka wa 1997 binti yao Chepchirchir, mkimbiaji, alikwenda Italia kwa miezi mitatu ya mashindano. Alipopata zawadi katika mbio za kwanza, aliwatumia wazazi wake tiketi za ndege. Majirani wakaja kuomba nao. Phelis, wa shamba la chini, akamuuliza Janeffer kama atapata usingizi katika nchi asikomjua mtu.

"Nitamjua mtoto wangu," Janeffer akajibu.

Siku ya tatu baada ya kufika, Chepchirchir alikuwa na mazoezi kutwa nzima, na kocha wake hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Basi asubuhi akawapandisha wazazi wake basi la kwenda mjini Roma, akampa mama yake karatasi iliyoandikwa majina ya mahali na namba ya basi la kurudi.

"Msiachane," akasema. "Na Baba asianze kupimapima nyumba za watu."

Waliposhuka, Janeffer alidhani ameona mlima uliotobolewa matundu. Kumbe ulikuwa ule uwanja mkubwa wa kale, matao juu ya matao, upande mmoja ukiwa mrefu na mwingine umebomoka. Gibson alisogea, akaweka kiganja juu ya jiwe, akafunga jicho moja. Janeffer akangoja lile neno lake la kawaida. Halikuja. Walizunguka uwanja mzima polepole, maana kila tao lilimsimamisha mzee.

"Mama Chirchir," akasema hatimaye, "hapa katikati ya mawe hakuna simiti. Yamekaliana tu."

"Si umeona upande ule umeanguka?"

"Umeanguka, ndiyo. Lakini wewe hesabu huu mwingine umesimama tangu lini."

Saa sita ikapita wakiwa wamepotea kwenye vichochoro. Janeffer akamwonyesha mwanamke mmoja ile karatasi. Yule mama hakujua Kiingereza, nao hawakujua Kiitaliano, lakini aliweka kikapu chake begani akatembea nao hadi kwenye uwanja mdogo, akanyoosha kidole, akaenda zake. Mbele yao kulikuwa na nguzo nene za hekalu la kale, kila moja jiwe moja tu, ambayo watu watatu wangeshikana mikono ndipo waizunguke.

Wakaingia. Gibson akavua kofia. Janeffer aliinua macho. Nyumba ile ilikuwa ya duara, na paa lake lilijikunja lote kama kibuyu kilichofunikwa, bila nguzo hata moja katikati, bila mbao, bila bati. Na pale juu kabisa, mahali ambapo fundi yeyote angemalizia, waliacha tundu. Mbingu ilikuwa imeingia humo, ya kijivu. Janeffer alijikuta ameshika mkono wa mumewe mbele za watu, jambo ambalo hawakuwa wakilifanya nyumbani.

Kisha mvua ikanyesha. Watu wakarudi nyuma kuelekea ukutani. Janeffer alitoka Kericho. Miaka yote alikuwa amechuma majani chai mvua ya alasiri ikimpiga mgongoni. Lakini hakuwahi kuona mvua ikikaribishwa ndani ya nyumba. Ilishuka taratibu kutoka juu kule, nyeupe, bila kelele nyingi.

Gibson alikuwa anatazama chini. "Ona," akanong'ona. "Sakafu imeinuka kidogo katikati. Maji yanajua pa kwenda." Na kweli, kwenye sakafu kulikuwa na vitundu vidogo, na maji yalivifuata.

Karibu nao mtembeza wageni alikuwa akieleza kwa Kiingereza. Gibson, aliyefika darasa la saba, alisogeza sikio, akamfasiria mkewe: imekaa karibu miaka elfu moja na mia tisa, hakuna chuma ndani, huku juu walichanganya mawe mepesi ili paa lisijilemee. Halafu akaketi kwenye benchi.

"Mimi ni fundi mdogo," akasema. Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja umri wake.

Mvua ilipokatika walitoka. Katika njia moja nyembamba, wanaume wawili walikuwa wakitengeneza barabara. Mmoja, mzee mwenye mvi, alikaa kwenye kigoda kifupi, akipanga mawe madogo meusi juu ya mchanga na kuyagonga kwa nyundo. Gibson akasimama. Dakika kumi, kumi na tano. Janeffer akaona haya.

"Baba Chirchir, twende. Watasema tunataka kitu."

Yule mzee akainua macho. Hakutazama uso wa Gibson. Alitazama mikono yake, zile kucha zilizopondeka na sugu za miaka thelathini. Akacheka kidogo, akainuka, akampa nyundo.

Gibson aliketi kwenye kigoda cha mtu. Alichagua jiwe, akaligeuza mara tatu mkononi, akalirudisha, akachukua lingine. Akafukua mchanga kwa vidole, akaliweka, akaligonga mara nne. Mzee akainama, akapitisha kiganja juu yake, akatikisa kichwa kukubali. Walipeana mikono wakiwa na mchanga, wala hakuna aliyejua jina la mwenzake.

Kwenye basi la kurudi Gibson alikuwa akijifuta mchanga vidoleni.

"Pale juu ya zile nguzo kuna jina limeandikwa," akasema. "La mkubwa aliyetoa amri. Waliobeba mawe hakuna hata mmoja."

"Mungu anawajua," Janeffer akasema.

"Anawajua, lakini mimi nilitaka kuwajua pia."

Jumapili Chepchirchir alimaliza wa tatu, na baada ya wiki mbili wakarudi kuchuma majani chai. Agosti mwaka ule Gibson alipewa kazi ya kujenga darasa la shule karibu na Kiptere. Sakafu ilipokuwa bado mbichi, aliwaita wote waliofanya kazi pale, akawapa msumari waandike majina yao karibu na mlango. Wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni walibaki nyuma. Hawakudhani wanaitwa wao. Gibson akawafuata. Elmina, mkubwa wao, akamwambia hajui kuandika.

"Basi weka mkono," Gibson akasema.

Elmina akafuta kiganja chake kwenye leso, akapiga magoti, akaukandamiza mkono wake kwenye simiti hadi maji yakapanda katikati ya vidole.