Ukuta wa Nyuma Kule Kabeza

Siku ile naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku niliyoulizwa swali dogo nikiwa nimesimama katika nyumba yangu mwenyewe, nikajibu uongo. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia umeona nyumba kuukuu huko Busanza, unataka kuinunua, kuitengeneza na kuiuza. Kazi hiyo naijua. Niliifanya mara moja tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa mjane kijana, nauza vitenge hapa Nyamirambo. Vita vilikuwa kaskazini, na watu wengi walikuwa wakishuka Kigali kutafuta pa kukaa. Nikawaza, mbona nisinunue nyumba mbovu, niirembe, nimuuzie mwenye haja? Nikapata moja Kabeza. Mwenyewe alikuwa anarudi kwao Kibuye na hakutaka maneno mengi. Ilikuwa ya matofali ya udongo, na nyuma yake mlima ulishuka karibu kugusa dirisha.

Nilimwita Mzee Saidi, fundi aliyemjengea marehemu baba yangu. Aliizunguka nyumba polepole, akaugonga ukuta wa nyuma kwa ngumi, akakwangua chini kwa ukucha. Udongo ukatoka umelowa, na wakati huo ulikuwa kiangazi.

"Huu umekunywa maji tangu chini," akasema. "Tuubomoe, tuchimbe msingi wa mawe, tukate mfereji wa kupitisha maji ya mlima. Hapo utauza nyumba."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka mvua zikaribie."

Sikutaka kungoja. Wanunuzi walikuwa wakiniulizia kila siku dukani. Nikamwambia apige lipu ya saruji juu yake, apake rangi, basi.

Mzee Saidi alikusanya mwiko wake na kamba yake. "Binti yangu, mimi nina jina katika mji huu. Tafuta mwingine."

Nilikasirika, nikamwona mzee aliyepitwa na wakati. Nikatafuta mwingine, na kwa kweli nyumba ilipendeza. Rangi ya maziwa, milango ya kijani. Hata mimi nilianza kuamini kwamba haina kasoro, maana ukitazama kitu kizuri kila siku unasahau ulichokifunika.

Akaja mwalimu mmoja, Veredina, pamoja na mama yake mzee aliyekimbia naye kutoka Byumba. Veredina alifurahia sebule. Mama yake, ambaye hakujua Kiswahili, alikwenda moja kwa moja nyuma, akaweka kiganja ukutani, akasema neno.

"Mama anauliza," Veredina akanitafsiria, "maji ya mulima iko inapita wapi?"

Ningeweza kusema kweli hapo. Nilikuwa na nafasi, mwanangu, na hakuna aliyenishika mdomo. Nikasema, "Hayafiki huku, mama." Veredina akamtafsiria, mzee wa watu akaitikia kwa kichwa, akaniamini, na nyumba wakainunua.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ukuta ulianguka asubuhi, Veredina akiwa shuleni na mama yake amekaa ndani anachambua maharage. Majirani walimtoa akiwa hai, lakini mguu wake mmoja ulikuwa umepondeka, na hakuukanyagia tena.

Nilikwenda hospitali nimebeba uji. Nilitegemea kutukanwa, ningetukanwa ningepata nafuu. Veredina alitoka mlangoni, akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mama yangu alikuuliza." Kisha akarudi ndani. Uji nikaurudisha nyumbani.

Niliuza vitenge vyote vya dukani, nikanunua mawe na saruji, nikaenda kumwangukia Mzee Saidi. Hakunisema. Alikwenda Kabeza, akajenga ukuta upya na kukata mfereji alioutaja tangu mwanzo. Lakini mimi mwenyewe sikwenda. Aibu ilinishinda. Nilimtuma yeye, nikajiambia nitakwenda yule mama akipata nafuu, halafu nitakwenda Pasaka, halafu mwaka ujao. Mwaka uliofuata ukapita hivyo hivyo. Kisha ukaja ule wa tisini na nne, na wewe unajua ulituletea nini.

Mwisho wa mwaka huo nilipanda Kabeza kwa miguu. Paa lilikuwa limeng'olewa, milango haipo. Ukuta wa Mzee Saidi ulikuwa umesimama. Nikauliza kwa majirani wachache waliobaki. Hakuna aliyejua Veredina na mama yake waliishia wapi. Nimeuliza miaka mingi tangu hapo. Wale watu niliwanyima neno moja, na sina tena pa kulipeleka.

Kwa hiyo, mwanangu, nyumba ya Busanza inunue kama moyo unataka. Ila nenda kwanza wakati wa mvua, simama nyuma yake, uone maji yanakwenda wapi. Fundi anayekukatalia msikilize zaidi ya anayekukubalia. Usiuze ukuta ambao usingemlaza mama yako chini yake. Mnunuzi akikuuliza, mjibu kweli hata kama ataondoka. Na ukikosea, nenda mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa miguu yako.

Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayelala katika nyumba uliyoigusa aamke salama.