Do Ni Cheo

Kwa miaka kumi na moja usharika mzima uliamini kwamba wimbo wa mavuno wa Tabitha Sumari uliumbwa kwenye ufunguo wa E. Mwalimu Godwin wa kwaya alianza kila mazoezi kwa kutangaza, "Do ni E," kwa sauti ya mtu anayesoma amri, na hakuna aliyewahi kuuliza amri hiyo ilishuka kutoka mlima gani. Ilitoka Kimandolu, kwenye kibanda cha fundi cherehani aitwaye Ebenezer, mdogo wake Tabitha, ambaye ndiye mpiga gita wa kwaya na ambaye hakujua kupiga mahali pengine popote.

Hapo kwenye E, lakini, alijua haswa. Alijifunza kwenye simu, kwa kuwatazama wazee wa kusini mwa Marekani, watu wa mashamba ya pamba, wakipiga muziki wao wa bluzi barazani kwao. Maneno ya nyimbo zile, kwa bahati nzuri ya usharika, hakuyaelewa. Alichukua vidole tu. Dole gumba linakanyaga besi bila kupumzika, kama mguu kwenye pedeli ya cherehani. Vidole vingine vinashona vijibu vifupi juu yake, mwimbaji akimaliza mstari tu, gita linamjibu. Yeye aliviita vijembe. Alikuwa navyo kumi na vinne, na alivipiga kwa usafi uliomfanya mwenye bodaboda azime injini asikilize. Wazee wa kanisa walisema vina upako.

Vyote vilikuwa vya E, na si bure. Kwenye E nyuzi nyingi za gita hulia zenyewe bila kubanwa. Besi inajipiga. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinaweza kukaa miaka kumi na moja kikila bila kufanya kazi, na cha Ebenezer kilikaa.

Mwezi wa nne Tabitha alipasuliwa koo kuondolewa uvimbe. Alipona, akarudi kwenye migomba yake kule Akheri, lakini sauti ilikuwa imeshuka ngazi mbili nzima. Ilikuwa imekolea, na pengine ilipendeza kuliko zamani, ila E haikuifikia tena. Mwalimu Godwin alimsikiliza mara mbili, akafunga daftari.

"Pole, Mama. Mavuno ya mwaka huu ataimba Nancy."

Nancy, binti wa sauti ya kwanza, akatazama viatu vyake.

"Kwani wimbo wenyewe haushuki?" Tabitha akauliza.

"Muulize mdogo wako."

Wote wakamgeukia Ebenezer. Huo ndio ulikuwa wakati wa kukiri kwamba E haikuwa ya wimbo, ilikuwa yake. Akasema, "Nipeni wiki mbili."

Siku ya kwanza alijaribu kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gita. Kibanio hupandisha tu, hakishushi. Kuipata C kwa njia hiyo ilibidi akisogeze karibu na tumbo la gita, nalo likalia kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Siku ya pili alilegeza nyuzi zote. Zikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Siku ya tatu alihamisha vidole vilevile, kwa mpangilio uleule, kwenye nyuzi nyingine, na mteja aliyekuwa anasubiri nje akadhani ni cherehani mbovu inajaribiwa.

Siku ya nne akaenda kwa Mwalimu Godwin na gita mgongoni. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo lililohitaji imani.

"Unahamisha vidole," akasema. "Hamisha vyeo."

"Vyeo gani, mwalimu?"

"Do si mahali, Ebenezer. Do ni cheo. Jana alikuwa nacho E, leo mpe C. Mkubwa akibadilika, wasaidizi nao wanabadilika. Hukukaa kwaya ya watoto wewe?"

"Nilikaa."

"Ulikaa nyuma."

Ilikuwa kweli. Ebenezer alirudi kibandani, akageuza karatasi ya vipimo vya suruali, akaandika vijembe vyake kama kwaya inavyoandika nyimbo. Cha kwanza: ma ikiteleza kwenda mi, kisha so, ta, do. Ma ni mi iliyoshushwa nusu. Ta ni ti iliyoshushwa nusu. Kitabu cha nyimbo huzitia kwa uchache, kama pilipili kwenye uji wa mgonjwa. Wale wazee wa pamba walikuwa wanazila kwa kijiko. Akazitafuta kwenye C, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo, ila zilitaka kubanwa, na ta haikufikiwa na yeyote isipokuwa kidole cha mwisho.

Kidole hicho kilianza ajira kikiwa na miaka arobaini na sita. Kilitoka malengelenge, kikanuna, kikakomaa. Kufikia Alhamisi ya wiki ya pili, vijembe kumi na vitatu vilikuwa vimehamia C na vimezoea.

Cha kumi na nne kiligoma. Hicho ndicho kilichomwingiza Tabitha kwenye ubeti wa mwisho: kinashuka do, ta, so, mi, mpaka do ya chini kabisa. Kwenye C kilifika mi, na hapo gita likaisha. Hapakuwa na uzi mwingine chini yake. Ebenezer hakumwambia dada yake, kwa kuwa hakujua amwambie nini.

Jumapili ya mavuno, kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi, Mwalimu Godwin akatangaza, "Do ni C," bila kupepesa macho. Tabitha akaimba. Hakukunja uso, hakusimama kwa vidole vya miguu. Kila alipomaliza mstari mdogo wake alimjibu, na mara moja alicheka katikati ya neno "neema". Kikaja kile cha mwisho. Do, ta, so, mi. Ebenezer akainua mkono na kuacha shimo.

Tabitha akaiweka do yake humo, nzito na tulivu, kiasi kwamba Mzee Stanley wa besi aligeuka kutazama nani kachukua kazi yake.

Baadaye, nje, mnada ukiendelea, Ebenezer alimfuata.

"Dada, ile E ilikuwa yangu. Wimbo haukuwa na shida."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Nikasema nikuache, utajifunza." Akainama kwenye mkungu wake. "Miaka kumi na moja, Ebe. Hata kahawa inazaa kwa mitatu. Shika huku."

Akashika, kwa mkono wa kushoto, vidole vyote vitano vikiwa kazini.