Somo la Rangi ya Nywele

Madame Angèle alifundisha mwaka wa pili katika shule moja ya msingi huko Lubunga, na watoto walimpenda kwa kuwa hakudharau swali la mtoto. Ndiyo maana siku moja mwanafunzi wake Jeancy hakuogopa kuuliza kwa nini nywele za babu yake ni nyeupe na zake nyeusi. Angèle aliacha hesabu. Aliwaeleza kwamba kila unywele una shina lake ndani ya ngozi, na humo mna vitu vidogo mno, havionekani kwa macho, ambavyo kazi yake ni kutengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi ikiwa nyingi, unywele hutoka mweusi. Ikipungua, hutoka umefifia. Mtu akizeeka, kazi ile husimama, na mvi huingia.

Fanny wa dawati la mbele akadakia: “Na Déborah, Madame? Nywele yake iko nyekundu. Kwa kanisa banasema iko ndoki.”

Darasa zima likageuka kumtazama. Déborah alivuta kitambaa chake hadi kwenye nyusi. Angèle alipandwa na hasira, si kwa Fanny bali kwa neno lenyewe, maana aliwajua watoto waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hiyo ya uchawi, wakaishia kulala sokoni ng’ambo ya mto. Akajibu bila kupima.

“Déborah haiko ndoki. Mwili ikikosa samaki na maharagi, nywele inakosa rangi. Anakosa chakula tu.”

Aliamini amemwokoa. Lakini watoto walipotoka kucheza, walikuwa wameshatunga wimbo: kwa kina Déborah chungu kimelala.

Kesho yake Déborah hakuja, wala siku iliyofuata. Aliyekuja ni baba yake, Célestin, fundi wa reli ambaye treni zikisimama, naye husimama. Hakupandisha sauti.

“Madame, ya ndoki batu balikuwa banasema kwa siri. Hii ya njaa, ulisema mbele ya batoto yote.”

Angèle aliomba msamaha, kisha akaomba amwone mtoto. Célestin alisita, halafu akamwongoza.

Nyumbani, mama wa mtoto, Émilie, alikuwa amempaka Déborah dawa ya kutia nywele weusi. Nywele zilikuwa nyeusi kama masizi, na ngozi ya kichwa imeungua, inatoa maji. Angèle alitazama chini. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba. Alipobonyeza kwa kidole, palibaki shimo. Émilie, bila kuulizwa, alisema kila siku wanakula ugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wanapata mto ukitaka.

“Mama Déborah, twende naye kwa santé,” Angèle alisema. “Leo.”

Émilie alikataa. Wauguzi wa kituo cha afya watamcheka mtoto, alisema, kama shule ilivyomcheka. Célestin aliinama, akambeba binti yake mgongoni, na Émilie akawafuata akilia.

Kituoni Déborah alilazwa. Alipewa maziwa ya dawa, na baadaye siagi ya karanga ya pakiti. Uvimbe ulipungua taratibu, vidonda vikakauka, na kwenye mashina zikaanza kuota nywele nyeusi za kweli. Angèle alikwenda kumtazama mara chache mwanzoni. Émilie alimkaribisha kwa adabu, akamuaga kwa adabu, na Angèle akaelewa kuwa hatakiwi, akaacha kwenda.

Mtoto alipopona, Célestin alimwandikisha shule nyingine, karibu na gare ya treni, mahali ambapo hakuna aliyelisikia lile somo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Angèle alikutana na mama na binti wakiteremka mtoni kupanda pirogi, mtumbwi wa kuvukia. Déborah alikuwa amenenepa kidogo, kichwa wazi, amesukwa. Alisema, “Bonjour, Madame,” kisha akajificha nyuma ya kitenge cha mama yake. Kikapuni Angèle alikuwa na samaki waliokaushwa, na mkono wake ukawa tayari umeshika mmoja wa kumpa mtoto. Alimwona Émilie akiutazama ule mkono.

Akamrudisha samaki kikapuni, akawatakia safari njema.