Ufa Nilioupaka Udongo

Miye ni muntu wa kukaa nyumbani. Niliposikia wapimaji wanakuja mtaani kwetu Songo na mashini ya leza, kupima nyufa za mwamba ulio nyuma ya nyumba yangu, niliogopa watanihamisha. Nikauziba ufa mkubwa kwa udongo, nikaulainisha vizuri kama ukuta wa sebule.

Mashini ilipomaliza kuzunguka, injinia wao alitazama picha kwenye skrini ya ordinateri yake.

“Papa, jiwe hili iko na alama za vidole.”

Mke wangu aliuinua mkono wangu, kucha zikiwa bado na udongo. “Vidole ni hivi.”

Nikaambiwa niubandue udongo mwenyewe. Mkono ulizama ufani mpaka begani. Kabla injinia hajasema neno, nilishajitwika godoro, naelekea Kalundu kwa shemeji.