Aliyeniambia Nimwage Risasi

Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu tu kutoka pale, na mpaka leo haamini. Kwa hiyo wewe usipoamini sitakasirika. Ninachokuomba ni usikilize mpaka mwisho, maana sikusimulii jambo la kuambiwa. Lilinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mansfield, saa saba mchana, jua likiwaka.

Mimi ni mtu wa Uvira. Hapa Texas nafanya kazi ghalani, napakia maboksi kwenye malori. Rafiki yangu mkubwa ni Mrundi anayeitwa Anicet. Tulijuana kambini Tanzania, yeye akapelekwa Houston, mimi huku, na undugu haukukatika. Anakaa Alief, huko huko Houston, na kazi yake ni kufua mashuka hotelini. Siku zake za mapumziko anawinda nguruwe pori kwenye shamba la Mzungu mmoja, mbele ya mji wa Sugar Land. Wale nguruwe wanamharibia mtu mazao, kwa hiyo Anicet anaruhusiwa kuwapiga, na nyama anatugawia marafiki.

Sasa kuna wakati risasi za bunduki yake zilikuwa hazionekani madukani. Tukasikia kwamba mtu anaweza kuyajaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa, nyumbani kwake, na sheria haimzuii. Tukanunua mashine ya kazi hiyo. Yeye anakaa apatimenti, mimi nina gereji. Mashine ikaja kwangu.

Ngoja nikueleze ilivyo, ili uelewe kosa langu. Ina mkono mrefu kama wa pampu ya maji, na sahani ya duara inayobeba maganda. Kila ukivuta mkono, sahani inazunguka hatua moja. Hapa ganda linanyooshwa, pale linatiwa baruti, mbele yake linapachikwa kichwa cha risasi. Yote yanafanyika kwa mvuto mmoja, na risasi iliyokamilika inaanguka ndooni. Ni ya haraka sana. Lakini sahani ikikwama na wewe ukavuta tena, ganda lile lile linaweza kupata baruti mara mbili. Likishafungwa, kwa macho hulijui. Na risasi ya namna hiyo haimuui nguruwe. Inapasua bunduki usoni pa mwenye kuipiga.

Jumamosi hiyo nilianza asubuhi. Nikaifunga kwenye meza kwa boliti nne, nikapima baruti kwenye mizani ndogo, nikasoma kitabu chake mara mbili. Mlango mkubwa wa gereji niliushusha, kwa sababu hata upepo mdogo unaisumbua ile mizani. Feni nayo nikazima. Joto lilikuwa la kuoka mkate. Kufika mchana nilikuwa nimejaza ndoo karibu nusu, na niamini, nilikuwa najiona fundi kweli.

Hapo ndipo mkono ukakwama. Nikausukuma nyuma, nikauvuta tena kwa nguvu. Kitu kikaachia, risasi zikaendelea kuanguka. Nilijua kwamba kuna jambo halikukaa sawa. Nilijua, na nikaendelea. Nikavuta tena mara kumi hivi.

"Hiyo moja imekula mara mbili."

Nikageuka. Kwenye kiti cha plastiki, karibu na mashine ya kufulia, alikuwa amekaa kijana. Miaka yake thelathini, haizidi. Mwembamba, paji la uso pana, pengo dogo kati ya meno ya mbele. Alivaa sweta zito la rangi ya udongo, katika joto lile, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. Mimi shati langu lilikuwa limelowa mpaka mkandani.

Unadhani niliogopa? Sikuogopa. Nilifikiri ni mmoja wa wale wakimbizi wapya wanaofika kanisani kwetu kila mwezi, na kwamba mke wangu amempitisha jikoni. Nilichosikia ni hasira. Mtu amefika juzi tu, anakuja kunifundisha kazi kwenye gereji yangu.

"Imekula mara mbili wapi?" nikamwuliza.

"Imeshaingia ndooni, kaka. Huwezi kuichagua tena. Mwaga zote, uanze upya."

Alisema Kiswahili cha Warundi wa kando ya ziwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kukuudhi.

"Nimwage kazi ya siku nzima?"

"Zinakwenda kwa nani?"

"Kwa rafiki yangu, Houston. Nita-drive kesho nimpelekee."

Akainuka, akachukua risasi moja ndooni, akaigeuza mkononi. Ndipo nikaona mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeshikana kwa kovu la moto, kama kidole kimoja kinene. Akairudisha risasi polepole, kama anayelaza kitu kinacholala.

"Kaka, nakuomba," akasema. "Mwaga."

Na mimi nikamjibuje? Nikamwambia, "Kijana, hapa si kwako. Toka nje."

Mlango wa jikoni ukafunguka, mke wangu akaingiza kichwa. "Unagombana na nani humo ndani?"

"Na huyu mgeni uliyeniletea."

"Mgeni gani?"

Nikageuka kumwonyesha. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa vile vile nilivyoufunga, na mlango mwingine hakuna, ila huo aliosimama yeye. Akanitazama, akaniambia ninywe maji nikalale, kwamba shifti mfululizo zinaniua. Baadaye nikaangalia kamera ya mlango wa mbele. Tangu asubuhi hakupita mtu.

Hapa ndipo watu wananiuliza: sasa ulizimwaga? Nami ningependa kukudanganya. Nilisimama mbele ya ndoo ile, nikajiambia ni joto. Nikikubali kumwaga risasi, nitakuwa nimekubali pia kwamba nilimwona. Sikutaka kukubali. Nikazipanga kwenye maboksi, na Jumapili baada ya misa nikampelekea Anicet. Sikumwambia neno. Niliona aibu, angenicheka.

Wiki ya pili mke wake akapiga simu. Alikuwa analia, akataja hospitali tu.

Nilimkuta Anicet kitandani, kichwa kimefungwa bandeji. Jicho la kulia limekwenda, na kidole gumba cha mkono wa kulia pia. Bunduki ilikuwa imepasuka shambani, kwenye risasi ya tatu. Nikakaa pembeni ya kitanda, na yote yakanitoka: mkono uliokwama, yule kijana, ndoo, na nilivyomfukuza.

Nilitegemea anitukane. Akauliza tu, "Vidole vyake vilikuwaje?"

Nikarudia. Akaomba simu, akampigia mama yake kwao Nyanza-Lac, akaweka spika. Waliongea Kirundi kwa muda. Kisha mama akasema kwa Kiswahili, akiniuliza mimi, "Mwanangu, ni mkono gani?"

"Wa kushoto, mama."

"Na meno?"

"Pengo katikati."

Tulisikia simu ikiwekwa mezani, halafu jogoo akiwika huko kwao.

Anicet ndiye aliyenieleza. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli, mkono aliuunguza na moto wa kuchomelea vyuma. Alipigwa risasi njiani wakati wa vita, Anicet akiwa bado tumboni. Picha yake hata moja haikubaki, nyumba yao iliungua. Anicet ana miaka zaidi ya thelathini na hajawahi kuuona uso wa baba yake.

"Kwa hiyo ni mdogo kuliko mimi," akasema. Kisha akaongeza: "Amekuja mpaka Texas, na wewe ukamwambia atoke."

Mashine niliifungua siku hiyo hiyo niliporudi, nikaipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Haikusaidia. Anicet hajanilaumu kwa jicho lake wala kwa mkono wake, na kazi ya hoteli hawezi tena. Lakini Jumapili nyingi ananipigia, na swali ni moja. Sauti yake ilikuwaje? Alikuwa mrefu? Alipokuomba, alikuwa anakutazama wewe au anatazama chini? Nami namweleza niliyoyaona, na yamekwisha, ni machache mno. Nilikuwa nimekasirika. Sikumtazama vizuri.

Basi wewe unayenisikiliza, kazi ikikwama mikononi mwako, usilazimishe. Mtu usiyemjua akikwambia mwaga, mwaga, na usimwulize amepitia mlango gani. Na kabla hajaondoka, mtazame uso kwa makini. Kuna mtu atakuja kukuomba umsimulie uso huo, na atakuomba maisha yako yote.