Jani la sale kwenye kaunta

Jumatatu, saa nne asubuhi, mama mmoja mzee kutoka Kibosho aliweka jani la sale kwenye kaunta ya benki. Wanasiasa bado wanagombana kama benki hii ya taifa iuzwe. Huku kwetu akaunti ndogo zimeanza kufungwa, na yake ya fedha za kahawa imo kwenye orodha.

"Shikamoo, mama. Jani la nini tena?" karani aliuliza.

"Marahaba. Benki imenikasirikia, mwanangu. Kosa langu silijui, ila naomba msamaha."

Kwa Wachagga, anayeletewa sale hakatai kusamehe. Karani, naye Mchagga wa Kilema, alisimama akalipokea kwa mikono miwili.

"Hujakosa, mama. Waliokosana ni wakubwa."

"Basi wapelekee wao."

Foleni nzima, nami nikiwemo, ilicheka. Karani hakucheka, alilipeleka kwa meneja pamoja na kitabu cha akiba cha mama.

Ijumaa nilimuuliza karani. Akaunti ilikuwa haijafungwa.